Usimdai fundi barua, mdai diski ya zamani

Dada wa Bagamoyo, pole kwanza. Nimesoma ulichoandika na majibu yote yaliyofuata, nikaona niandike marefu kidogo, maana msiba huu nami nimeshaukalia matanga.

Kwa wanaoingia sasa: dada ana nyumba ya wageni. Laptopu yake ilianza kuganda, fundi akaitoa diski ya zamani (hard disk, ile ya kuzunguka), akaweka SSD, yaani diski mpya isiyozunguka, na kupiga Windows mpya. Picha zimerudi, nyaraka zimerudi. Thunderbird, programu yake ya barua pepe, ikawekwa upya, akaingiza anwani na nenosiri, barua zikaingia, lakini ni za wiki mbili za mwisho tu. Folda zake za "Wageni", "Mawakala" na "Malipo", alizozijaza tangu 2016, hazionekani. Fundi kamwambia asubiri, barua ziko mtandaoni, zitashuka zenyewe. Humu ndani wadau wawili watatu wamemwambia anunue programu ya kufufua mafaili aiendeshe kwenye laptopu hiyo hiyo.

Nawapinga wote. Hazitashuka. Na hiyo programu itakuwa inatafuta sindano kwenye nyumba ambayo sindano haikuwahi kuingia, kwa sababu SSD mpya haijawahi kuzibeba barua hizo. Zilikuwa kwenye diski ya zamani na bado ziko huko, kama haijaguswa. Dada, umetueleza laptopu ni ya rangi gani na ulinunua lini, lakini hukuandika hata neno moja kuhusu diski iliyotolewa. Iko wapi? Nani ameishika? Kama ilibaki kwa fundi, acha kusoma hapa, mpigie simu umwambie asiiguse wala asimpe mtu, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Sasa nikueleze kwa nini nina uhakika hivyo. Ni hizo wiki mbili.

Barua pepe hufika kwenye kompyuta kwa njia mbili. Njia ya IMAP huziacha barua kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyokupa anwani, wewe unazitazama tu kutoka nyumbani kwako, na folda ulizotengeneza ziko kwenye seva pia. Anayetumia njia hii akibadilisha diski hata mara kumi, folda zitarudi. Njia ya POP ni ya zamani zaidi na inafanya kazi kama sanduku la posta: unakwenda, unafungua, unabeba barua zako, unaondoka nazo. Posta hawabaki na nakala ya kudumu. Thunderbird ikiwekwa kwa POP, kwa kawaida huziacha barua kwenye seva kwa siku 14 hivi kisha huzifuta, mpaka mwenyewe ubadilishe mpangilio huo. Siku 14 ni wiki mbili. Kwa hiyo aliyekuwekea Thunderbird mara ya kwanza, huko 2016, alikuwekea POP, na barua ulizoziona zikiingia juzi ndizo zile ambazo muda wake wa kufutwa ulikuwa haujafika.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: POP hubeba kikasha cha barua zinazoingia tu, basi. Barua ulizotuma, folda ulizopanga mwenyewe, rasimu, vyote hivyo havikuwahi kukanyaga seva. Fundi anaposema "ziko mtandaoni" anafikiria Gmail ya kwenye simu yake.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua barua zako kwa kivinjari, kwenye ukurasa wa kampuni iliyokupa anwani hiyo. Ukiziona folda zako huko, basi mimi nimekosea na una bahati. Ni suala la kuzisajili tu ndani ya Thunderbird, kwa kubonyeza kulia juu ya jina la akaunti na kuweka alama kwenye kila folda unayotaka ionekane. Usipoziona, endelea na mimi.

Mimi si fundi. Nimekuwa karani wa ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, karibu na bandari, kwa miaka mingi kiasi cha kuchukiwa na viti vya ofisi. Mwaka 2018 kompyuta yetu ya mezani ilianza kutoa sauti ya tak, tak, tak, kama mtu anayegonga ukucha kwenye bati. Hapa kwetu unyevu na chumvi ya bahari havina urafiki na vyuma, hata misumari ya madirisha inalia, nikasema ni kutu tu. Baada ya wiki mashine ikawa inachukua nusu saa kuwaka. Tukampa fundi mmoja wa Ngamiani, kijana mwenye mikono mizuri tu, akaweka SSD ya GB 240, akapiga Windows, akahamisha nyaraka, picha na vilivyokuwa kwenye uso wa kompyuta. Tukalipa, tukashukuru.

Kesho yake bosi akaniambia, "Bwana mdogo, nitolee ile barua ya Machi ya mteja wa magari." Kulikuwa na ubishi kuhusu gharama za kontena kukaa muda mrefu bandarini, mteja anasema hakuambiwa, sisi tunasema aliambiwa na akajibu. Nafungua Thunderbird, inanikaribisha kama mgeni: weka anwani yako. Folda ya "Mkonge" hakuna. "Magari" hakuna. "Matishari" hakuna, na hiyo ndiyo iliyokuwa nene kuliko zote, maana enzi hizo meli zilitia nanga nje na mizigo kuletwa gatini kwa matishari, kila safari ina barua zake.

Nilipanda baiskeli nikaenda Ngamiani bila hata kuaga. Fundi alikuwa amepanga diski za watu mezani kama sahani za shughuli. Ya kwetu ilikuwa juu kabisa. Alikuwa ameshainunulia kikasha cha nje, anataka kuijaza muvi awauzie vijana wa mtaani. Hakuwa na nia mbaya. Kwake kilichotolewa kwenye mashine ni chakavu, na ofisi haikumwambia vinginevyo. Nilimrudishia pesa ya kikasha, nikaondoka navyo vyote viwili.

Sasa kwa nini fundi hakuzihamisha? Kwa sababu haziko anakotazama. Fundi akihamisha vitu vya mteja hukopi Documents, Pictures, Desktop, Downloads, na akiwa mwangalifu atapita na Music. Thunderbird haihifadhi barua huko. Kwenye Windows huzihifadhi hapa:

C:\Users\jina lako\AppData\Roaming\Thunderbird\Profiles

Hiyo AppData imefichwa. Ukifungua folda yenye jina lako kwa kawaida huioni kabisa, mpaka uende kwenye sehemu ya mwonekano ya dirisha la mafaili uweke alama ya kuonyesha vitu vilivyofichwa. Ndani ya Profiles utakuta folda yenye herufi na namba nane zisizo na maana, kisha nukta, kisha neno default au default-release. Zikiwa mbili, moja huwa tupu. Usichague kwa jina, bonyeza kulia utazame ukubwa. Yenye MB chache si yako.

Kabla hatujafika huko, diski yenyewe inaunganishwaje? Kuna waya wenye meno ya SATA, yanayoingia kwenye diski, upande mmoja na USB upande wa pili, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta. Diski ndogo ya laptopu, ya inchi 2.5, inatosheka na umeme wa USB. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani, ya inchi 3.5, inahitaji adapta yake ya umeme ya volti 12. Ukiichomeka kwa USB peke yake utakaa unaisubiri kama gari la Pangani wakati wa mvua. Yako ni ya laptopu, kwa hiyo waya mdogo unatosha.

Ukichomeka, Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati diski ndipo uitumie. Kataa. Swali hilo likija, ama diski imeanza kuharibika ama imefungwa kwa mfumo ambao Windows hiyo haiusomi, na katika hali zote mbili jibu ni hapana. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, ni namba ya tarakimu 48, na mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile uliyoingilia ulipowasha laptopu mara ya kwanza. Bila hiyo namba hakuna ujanja. Na ukibofya folda yenye jina lako ukaambiwa huna ruhusa, usishtuke: Windows mpya inakuona mgeni kwenye nyumba ya zamani. Kuna kitufe cha kuendelea, kibonyeze, ungoje. Yangu ilichukua muda wa chai mbili.

Kama diski inagonga tak tak kama ya kwetu, usiiache ikiwaka huku unazurura ndani kuangalia picha za harusi. Kila dakika inayozunguka ni ya kuhesabu. Nenda moja kwa moja kwenye folda ya Thunderbird, ikopi yote, kisha ndiyo uanze mambo mengine. Ikikataa kabisa kukopi, ipeleke kwa mtu anayejua Linux aitumie ddrescue, programu ya bure inayonakili diski nzima kipande kwa kipande, ikiruka palipooza na kuparudia baadaye. Nakala hiyo ndiyo utakayoichokonoa. Diski yenyewe iweke pembeni ipumzike.

Sasa ndani ya ile folda ya herufi nane. Utaona vitu vingi, viache. Unavyovitaka ni viwili: Mail na ImapMail. Kwa mtu wa POP, mali yote iko ndani ya Mail. Fungua, utakuta folda yenye jina la seva yako na nyingine inaitwa Local Folders. Na hapa nawaambia hata nyie wa IMAP mnaocheka: mtu akiburuta barua kutoka kwenye akaunti akazitupa ndani ya Local Folders ili kupunguza uzito wa seva, barua hizo zimeshatoka mtandaoni, ziko kwenye diski tu. Nimeona watu wenye IMAP safi wakilia kwa sababu hiyo.

Kila folda unayoiona kwenye Thunderbird ni faili moja. Barua zako zote za "Wageni", na picha walizokutumia, ziko ndani ya faili moja linaloitwa Wageni, lisilo na mkia wowote, yaani hakuna nukta na herufi tatu mwishoni. Pembeni yake kuna ndugu yake mdogo, Wageni.msf. Huyo ni faharasa tu, orodha ya nani yuko ukurasa gani. Ukimpoteza, Thunderbird inamtengeneza mwingine. Ukimpoteza yule asiye na mkia, umepoteza barua. Watu hukopi .msf kwa sababu ina alama inayotambulika, na kuliacha lile kubwa kwa kudhani ni takataka. Kama una folda ndani ya folda, kwa mfano chini ya "Mawakala" kuna "Arusha" na "Zanzibar", utaona pia folda iitwayo Mawakala.sbd, na humo ndimo watoto walimo.

Tazama ukubwa wa mafaili hayo kabla ya kitu kingine chochote. Faili la Wageni likiwa na MB mia kadhaa, piga vigelegele. Likiwa na sifuri, basi tuna mazungumzo mengine.

Kukopi. Hapa nilipoteza saa nzima. Nilikuwa na flashi ya GB 16, faili letu la Inbox lilikuwa na GB 5 na kidogo. Viambatisho ndani ya barua hunenepa kwa karibu theluthi moja kuliko faili halisi, na sisi tulikuwa tunatumiwa nyaraka zilizopigwa skani kutwa kucha. Flashi ilikuwa tupu kabisa, lakini Windows ikasema faili ni kubwa mno. Nikafuta, nikachomoa, nikabadilisha tundu, nikatukana. Kumbe flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, na huo haubebi faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe ya GB 128. Fomati flashi iwe exFAT au NTFS, flashi nasema, si diski ya zamani, au kopi moja kwa moja kutoka diski hadi kwenye laptopu bila kupitia flashi. Kwa dada hii ya pili ndiyo rahisi.

Halafu nikafanya upumbavu ambao ndio hasa ulionifanya niandike leo. Thunderbird mpya ilikuwa imeshapokea barua za siku tisa. Mimi nikachukua folda nzima ya zamani nikaibandika juu ya mpya. Windows ikaniuliza kama ibadilishe mafaili yenye majina yanayofanana, nikasema ndiyo, kwa furaha kabisa. Huku kuna Inbox na kule kuna Inbox. Ya zamani ikaimeza mpya. Na kwa kuwa sanduku letu kwenye seva lilikuwa dogo, sisi ile alama ya kuacha barua kwenye seva tulikuwa tumeitoa, hakukuwa na pa kuzifuata. Barua za siku tisa zikaenda na maji. Nilishinda siku mbili nikipigia wateja simu, "Samahani mzee, naomba unitumie tena," na wengine walinijibu vizuri, wengine nilistahili walivyonijibu.

Kwa hiyo usibandike juu. Fanya hivi. Funga Thunderbird kabisa, si kuipunguza chini, kuifunga. Fungua folda ya herufi nane ya Thunderbird MPYA kwenye laptopu, ingia Mail, ingia Local Folders. Humo ndimo utakapopakua mizigo. Kutoka kwenye diski ya zamani chukua lile faili la Wageni, la Mawakala, la Malipo, pamoja na folda zenye .sbd kama zipo, uache .msf zote. Inbox na Sent za zamani zibadilishe majina ziwe Inbox-zamani na Sent-zamani, ndipo uzilete. Majina hayo hayatagongana na kitu. Kama Inbox ilikuwa na watoto, yaani kuna Inbox.sbd, nayo iite Inbox-zamani.sbd, wazazi na watoto lazima wafanane majina. Ukiona Mawakala.sbd iko lakini faili la Mawakala halipo, tengeneza faili tupu lenye jina Mawakala bila mkia uliweke pembeni, la sivyo watoto hawataonekana. Ofisini kwetu "Matishari" ilijificha kwa sababu hiyo hiyo: faili la mzazi lilibaki njiani wakati wa kukopi, na mimi nikadhani safari zote zimezama.

Fungua Thunderbird. Chini kabisa upande wa kushoto, kwenye Local Folders, zitajitokeza. Ukibofya folda kubwa kwa mara ya kwanza itakaa kimya kwa dakika kadhaa, inaandika faharasa. Usiizime. Ikionyesha tupu na wewe unajua ina MB mia tatu, bonyeza kulia juu yake, fungua sifa zake, kuna kitufe cha kuikarabati folda.

Kwa nini Local Folders na si kwenye akaunti yako? Kwa sababu ninashuku kwamba safari hii Thunderbird imekuwekea IMAP bila kukuuliza; matoleo ya sasa hupendelea hiyo. Mafaili ya zamani ukiyatupa ndani ya ImapMail, programu itaona hayafanani na kilichopo kwenye seva na itayapanga upya inavyotaka. Local Folders haijibizani na mtu. Baadaye, kama sanduku lako la seva lina nafasi, unaweza kuburuta folda moja moja kuzipandisha juu. Usiburute zote usiku mmoja.

Anwani za wageni wako zimo kwenye faili linaloitwa abook.sqlite, katika ile folda ya herufi nane, au abook.mab kama Thunderbird ilikuwa ya zamani sana. Anwani zilizokusanywa zenyewe ulipokuwa ukijibu watu zimo kwenye history.sqlite. Kama umesahau nenosiri, key4.db na logins.json huenda pamoja kama sahani na kawa, moja peke yake haisaidii.

Kwa wadau wa Outlook, maana najua mtauliza: kwenu ni faili lenye mkia wa .pst, na kwa matoleo ya tangu 2010 kwa kawaida liko ndani ya Documents, kwenye folda ya Outlook Files. Ndiyo maana watu wa Outlook mara nyingi huokoka bila kujua, fundi amekopi Documents na faili limepanda basi. Lifungue tu kutoka kwenye menyu ya faili. Likigoma, Outlook inakuja na kifaa chake cha kukarabati, scanpst.exe. Lakini mkia ukiwa .ost, hiyo ni nakala ya kilicho kwenye seva, na haifunguki kwenye Outlook nyingine kwa njia ya kawaida. Unaunganisha akaunti upya na kuacha barua zishuke. Matoleo ya 2002 na ya nyuma yalikuwa na kikomo cha GB 2 kwa pst, na likifika hapo hufunga mdomo. Kama bado unatumia hilo, una matatizo makubwa kuliko uzi huu.

Na kama fundi ameshaifomati diski? Rafiki yangu wa Makorora alisubiri miezi mitatu ndipo akakumbuka barua zake. Diski ilikuwa imeshajazwa muvi na mfululizo mzima wa tamthilia. Tukaendesha PhotoRec, ambayo ni ya bure na hutafuta mafaili kwa alama zake za ndani bila kujali majina. Ilileta maelfu ya mafaili yenye majina ya namba, mengine nusu, mengine robo. Tulikaa siku nne tukichambua kama wapembuzi wa mchele. Tulipata barua za miaka ya nyuma, za mwaka wa mwisho hazikupatikana, maana juu yake alikuwa amelala mwigizaji fulani. Na hiyo ilikuwa diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, Windows huiambia ifute kabisa maeneo yaliyoachwa wazi, na mara nyingi hapabaki cha kuchambua. Wewe ya zamani yako umesema ni hard disk, ya kuzunguka, kwa hiyo hata ikiwa imefomatiwa haraka haraka, mradi haijaandikwa kitu juu yake, usikate tamaa. Na unachokipata hifadhi kwingine, usikirudishe kwenye diski hiyo hiyo.

Narudi kwa ile barua ya bosi, maana nimeiacha njiani.

Nilipofungua folda ya "Magari", barua ya Machi haikuwamo. Nikakumbuka: niliifuta mwenyewe siku nilipokuwa nasafisha, na nikamwaga pipa la taka juu yake. Bosi kasimama mlangoni. Nikakumbuka tena jambo jingine. Thunderbird ilikuwa na tabia ya kuniuliza kila mara kama ibane folda ili kuokoa nafasi, nami siku zote nilikataa, kwa uoga tu, sikujua inabana nini. Kumbe ukifuta barua haiondoki kwenye faili. Inawekewa alama ya kufichwa, na inabaki pale pale mpaka siku folda itakapobanwa.

Nikachukua nakala ya faili la Magari, si lenyewe, nikalifungua kwa Notepad++, programu ya kuhariri maandishi matupu. Usitumie Word kwa kazi hii. Nikatafuta namba ya kontena. Ikatokea. Juu ya barua ile kulikuwa na mstari huu:

X-Mozilla-Status: 0009

Moja maana yake imesomwa, nane maana yake imefutwa, jumla tisa. Nikabadilisha iwe 0001, nikahifadhi, nikafuta .msf ya folda hiyo, nikafungua Thunderbird. Barua ikakaa mahali pake, na jibu la mteja chini yake, na tarehe. Bosi akaisoma akiwa amesimama, akasema "Ichape mara mbili," akatoka kwenda kunywa kahawa. Hakunishukuru, lakini kikombe changu alikilipia.

Kwa hiyo dada, hata kama kuna barua ulizifuta zamani na sasa unazihitaji, Thunderbird mpya ikikuuliza kama ibane folda ulizozileta, sema hapana mpaka tumalize.

Ukimpata fundi, chukua diski hata kama anasema imekufa. Kisha uniandikie hapa mambo mawili: ukubwa wa faili la Wageni lisilo na mkia, na kama diski inatoa sauti. Jioni baada ya saa moja huwa nipo.